Figo Niliyomnyima Gasper

Makongolosi, Jumapili baada ya misa

Mama, kamwene.

Goti lako linaendeleaje? Na vitunguu vya kule mtoni vimeshang'olewa, au mvua imewawahi? Mimi ni mzima wa mwili. Bado napika chakula pale kwenye karasha, wanaposaga mawe ya dhahabu. Vumbi limenikausha koo, lakini wateja wapo. Barua hii isome mwenyewe, taratibu, ukiwa umevaa miwani. Usimpe mtu akusomee.

Mjomba alinipigia Alhamisi. Amesema siku ya arobaini ya mdogo wangu Gasper ulilitoa nje godoro la mkwe wako, Mama Neema, ukamwambia mbele ya watu wote kwamba ndiye aliyemroga mumewe hadi figo yangu ikakataa kumwingia. Amesema ameondoka kwenda kwao Tukuyu na begi moja, na Neema umemzuia, eti mtoto wa marehemu hakai na mchawi. Mtoto ana miaka sita, Mama.

Sasa nisikilize. Figo yangu haikukataa. Mimi ndiye niliyekataa.

Unakumbuka Gasper alivyovimba uso, akawa anasafishwa damu kwa mashine kule Mbeya mara tatu kwa wiki, akitoka pale anakwenda darasani kushika chaki huku anatetemeka. Madaktari wakamwambia zamani mtu kama yeye alipelekwa India, siku hizi figo inapandikizwa hapa hapa nchini, ila mtoaji awe ndugu yake na akubali kwa hiari. Wewe una presha, mjomba ana kisukari, shangazi na mama mdogo hawakufaa. Nikabaki mimi. Ukanipigia simu, na maneno yako ninayo mpaka leo: "Mwenzio ana kazi ya maana, wewe una masufuria tu. Figo moja inakutosha kusongea ugali."

Hukuniuliza kama nataka. Hukuniuliza pia nilipofaulu kwenda sekondari, ukasema nibaki nipalilie vitunguu ili mdogo wangu aje asome.

Nilikwenda hospitali. Walinipima wiki mbili nzima, damu, mkojo, moyo, picha za tumbo. Vyote vikakubali. Siku ya mwisho dada mmoja wa ustawi wa jamii akafunga mlango, tukabaki wawili.

"Skolastika, kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Na wewe mwenyewe unataka kutoa?"

Nikautazama mlango uliofungwa. Akangoja, wala hakunitazama vibaya. Kisha akasema, "Ukikataa, hakuna atakayeambiwa sababu. Tutasema tu kwamba hukufaa kuwa mtoaji."

"Sitaki," nikasema. Neno lilinitoka jepesi, kama mtu anatema kokwa.

Gasper alikuwa kwenye benchi nje na mkewe. Walipoitwa ndani wakaambiwa, Mama Neema alikaa chini sakafuni, kitenge kikamfunguka asijue. Gasper akaja kwangu akanishika bega.

"Usilie, dada. Moyo wako ulikubali, ni miili tu imekataa."

Na kweli nilikuwa nalia, Mama. Mpaka leo sielewi yalikuwa machozi ya nini. Akanibebea begi hadi stendi, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Usijidanganye kwamba niliogopa kisu. Ningekuwa nimeogopa, ungepata njia ya kunisamehe. Nilitaka mara moja tu wewe ukose kitu ulichokitaka kutoka kwangu. Aliyekosa ni Gasper. Aliishi miezi minane baada ya hapo, na siku yoyote katika miezi hiyo ningeweza kurudi nikasema nimebadili mawazo. Mara ya mwisho alinipigia, sauti imekonda, akauliza kama upande wa marehemu baba kuna ndugu tusiyemjua. Nikamwambia nitaulizia. Sikumwuliza mtu.

Msibani ulinikumbatia ukasema, "Wewe angalau ulijaribu." Nikakuacha useme.

Jana nilimpigia Mama Neema nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Afadhali nimejua. Nilikuwa namchukia mama yako peke yake." Akakata simu.

Basi mpeleke Neema kwa mama yake wiki hii. Umpeleke wewe mwenyewe hadi Tukuyu, umwombe radhi mkweo kwa kinywa kile kile ulichomwitia mchawi. Usipofanya hivyo nitakuja Ruaha Mbuyuni, nitasimama mbele ya jumuiya nzima niwaambie nilichofanya, na uliyoniambia kwenye simu pia nitawaambia. Watanitemea mate, najua. Lakini na wewe watakuwa wamekusikia.

Msalimie mjomba, mwambie nashukuru kwa kunipigia. Msalimie mama mdogo wa Ilula, na yule mzee wa jumuiya aliyetuongozea rozari msibani. Shangazi naye mpe pole ya kufiwa, sikupata nafasi ya kumpa mkono. Neema usimpe salamu zangu. Akikua akanitafuta, sitajificha.

Mwanao aliyebaki,

Skolastika