Amolo Kwenye Makindu

Roret, 20 Februari 1994

Binti yangu Chepngetich,

Pokea salamu nyingi kama mvua inayotunyeshea huku. Mimi ni mzima, ila goti. Ng'ombe pia ni wazima. Wewe na kazi ya kiwanda mnaendeleaje?

Nasikia una mchumba, fundi wa mashine, Amolo, mtu wa kutoka ziwani. Kwani vijana wa hapa jirani Boito wameisha? Haya, mtume Jumamosi nimwone. Simkatai, lakini pia sijamkubali.

Ni mimi mama yako.


Kericho, 27 Februari 1994

Mama mpendwa,

Goti likoje? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimechanganyikiwa.

Jana Amolo alitoka hapa na suti ya harusi ya kaka yake. Amerudi amevaa suruali ya marehemu Baba, ile ya kaki! Mikononi ana miiba, sikioni ana matope. Nikimuuliza anasema tu, "Mama yako ni mtu wa heshima sana," halafu anaangalia chini. Mama, ulimfanyia nini? Jibu haraka. Mimi huyu nampenda.

Binti yako.


Roret, 6 Machi 1994

Binti yangu,

Nakusalimu, pamoja na huyo mgonjwa wa miiba. Goti limeanza tena kuuma, utajua sababu.

Nilimwambia tu anikatie sosiot, kijiti cha mkindu cha kusugulia vibuyu vya maziwa. Nilijua akiona kile kinamasi chini ya shamba la majani chai, atatafuta gari la kurudi Kericho. Kumbe akaingia na suti! Unajua makindu ya huko yalivyosongamana: chini maji, juu miiba, na vyura wanaimba kama kwaya. Nikasikia mtu anaita. Kufika, amezama hadi kiunoni, amekumbatia mkindu. Nikamtupia kamba ya ng'ombe.

"Mama, usinivute!" akalia. "Suruali imebaki kwa matope. Mama mkwe hawezi kuniona hivi!"

"Na ukizama, nitakuwa mama mkwe wa nani?"

"Basi geuka, Mama."

Nikageuka, nikaweka kamba begani, nikavuta kama fahali wa kulima. Akatoka, akajificha nyuma ya makindu mpaka nikamletea suruali ya baba yako. Kijiti hakukiacha; alitoka amekishika kwa meno.

Niliogopa atakupeleka mbali, mimi nibaki na ng'ombe. Ni hiyo tu. Lakini alipopanda kilima akienda zake, nilimtazama kwa nyuma, nikacheka mpaka nikalia. Tangu baba yako atuache, hiyo suruali ilikuwa haijatembea.

Mwambie asiirudishe. Wazee wake waje baada ya Pasaka.

Mama yako.