Vidole Vimekunjwa

Baba, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia, ila siwezi kuanza bila kukuamkia. Kuna jambo lilitokea siku ya kukuzika, na kijijini kwetu Nemba hakuna anayetaka kulizungumza.

Tangu mti ulipokuponda mguu, ukakatwa chini ya goti, nikiwa kidato cha pili, ulilalamikia vidole ambavyo havipo. "Vimekunjwa chini ya wayo, mwanangu. Vinyoosheni." Kwa ajili ya maneno hayo nilikwenda kusomea mishipa ya fahamu. Nikarudi mtafiti wa maumivu, nikakueleza kwamba ubongo una ramani ya mwili, na mguu ukiondoka ramani inabaki. Nikakuwekea kioo kando ya mguu mzima, ubongo udhani miguu iko miwili. Ukatazama, ukatabasamu kidogo. "Huyu ni mzima. Anayeumia ni yule mliyemfukia." Nikaandika kwenye daftari: mgonjwa hajaelewa.

Asubuhi ya mazishi, vijana wakichimba migombani, jembe lilinasa gunia la salfeti. Ndani yake kulikuwa na blanketi lililokazwa kwa kamba, na ndani ya blanketi mifupa ya mguu wako. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekunjwa chini ya wayo. Baba mdogo aliuzika peke yake wewe ukiwa bado hospitali. Nani alikwambia vimekunjwa?

Kaka akanong'ona, "Fukia, watu wanatazama."

Sikufukia. Nilipiga magoti nikavinyoosha kimoja kimoja. Mifupa ya kile cha mwisho ilikuwa midogo kama punje za mahindi.

Nikiwa bado na udongo mikononi, mama alitoka ndani, alikokuwa amekaa na mwili wako. Hakuwa ameona chochote. Akasema, "Taya limeachia. Tangu jana lilikuwa limekaza kama la mtu anayevumilia."

Najua mwili wa marehemu hukakamaa kisha hulegea. Nawafundisha wanafunzi hivyo. Lakini saa ile ile, baba?

Tulikuzika na mguu wako. Mama analima, anakula. Kioo amekifunika kwa kanga, hasemi kwa nini, nami simwulizi.

Nimerudi kazini. Juzi nilikuwa Kibimba, kule Ngara, kumhoji mama mmoja aliyekatwa mkono. Akaniambia kucha zinamchimba kiganja, kiganja ambacho hakipo. Nikaliweka dodoso chini, nikamwuliza, "Mama, mkono wako ulizikwa wapi?" Akalia. Alisema hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nisamehe, baba. Ulisema kweli, mimi nikaandika hujaelewa. Ukurasa ule sijauchana. Nakuahidi, mtu akiniambia kinachomuuma, nitamwamini kwanza, sababu nitaitafuta baadaye.

Pumzika sasa. Jumatatu narudi Kibimba. Yule mama amekubali kunionyesha mahali ulipozikwa mkono wake.

Binti yako,
Adela