Ukuta wa Haboba

Jumatatu, 3 Februari. Awindiri, Arua, Uganda

Mwaka wa tatu sasa tangu niondoke Kasulu. Nilimwambia mke wangu miezi sita.

Leo lipu, ukuta wa nyuma wa duka la mtu. Mchanga mchafu, tumeuchekecha mara mbili. Mgongo unauma palepale. Bosco, Mkongo wa Ariwara anayenichanganyia saruji, ameimba wimbo mmoja tangu asubuhi, na katika huo anajua mstari mmoja.

Mchana alikuja msichana kuomba mifuko mitupu ya saruji. Ya hapa ni ya karatasi. Nikadhani anauza karanga, anataka karatasi za kufungia. Akasema anachora juu yake. Bosco akacheka: "Mutu anachora juu ya takataka!" Msichana akamjibu: "Na wewe si unalala juu yake?" Kweli Bosco hulalia mifuko hiyo. Amenyamaza mpaka jioni, hata wimbo umekoma.

Jina lake Kiden. Nimempa mifuko yote.

Alhamisi, 6 Februari. Awindiri

Karudi. Kanionyesha kazi zake kwenye simu. Karatasi zilezile za saruji, kazifua, kazishona pamoja, kazipaka nyeusi, nyekundu na nyeupe. Pembetatu, mistari ya vidole, nyayo za kuku. Hanunui rangi. Ni udongo.

Anasema hakubuni kitu. Yote kayatoa kwenye ukuta wa nyumba ya nyanya yake aliyemlea, huko mji wa Koboko. Kila kiangazi mama yule huupaka upya kwa mkono. Mwisho wa mwezi kuna maonyesho hapa Arua, mtaa wa Mvara, ya wachoraji wapya. Kila mmoja atasimama mbele ya kazi yake aeleze imetoka wapi. Kesho yake wageni watapandishwa gari hadi Koboko wauone ukuta wenyewe. Anaitaja safari hiyo kama watu wengine wanavyotaja harusi.

Kaniletea na kazi. Mjomba wake, sajini wa jeshi huko Kampala, anatafuta fundi lipu wa nyumba ya Koboko. Kiden anasema ni nyumba mpya ya matofali, uani kwa nyanya. Kampa namba yangu. Nimefurahi. Hapa tunamaliza Jumamosi na sina kingine.

Jumatatu, 10 Februari. Koboko

Tumefika na vumbi hadi kwenye meno. Bibi wa nyumba ni mwembamba, mrefu, anatembea ameshika goti. Wote hapa wanamwita Haboba, ndiyo nyanya kwa Kinubi. Alinisikiliza nikisalimu, akamgeukia Bosco: "Huyu Kiswahili yake iko kama ya redio." Sasa watoto wa jirani wananiita Redio.

Ukuta nikautambua kabla sijatua mzigo. Ni mzuri kuliko kwenye simu. Chini mweusi unaong'aa, katikati mwekundu, juu pembetatu nyeupe zimezunguka nyumba nzima bila kukosea.

Nikauliza nyumba ya matofali iko wapi. Haboba akanionyesha. Haijafika hata kwenye madirisha, majani yameota ndani. Akaupiga kofi ukuta wake. "Ni hii. Piga simenti. Mimi nimechoka."

Sikumpigia Kiden. Nilijiambia simu haina chaji. Ilikuwa nayo.

Jumatano, 12 Februari. Koboko

Siku mbaya.

Asubuhi nilimpigia Sajini. Nikamwambia saruji na udongo havipatani, ukuta wa udongo unapumua, saruji haipumui, mvua mbili tu itabanduka. Akasema: "Fundi, wewe piga tu. Mama yangu atakaa nyumba ya simenti kabla ya mfungo." Kisha nikampigia Kiden, maana siku zote mbili sikulala vizuri. Mchana alikuwa ameshafika.

Alinipigia kelele mbele ya watu. "Mimi ndiyo nilikuletea kazi, na wewe unaniua!" Alikuwa na haki. Akamgeukia nyanya yake, akamwambia wageni wanakuja kuona ukuta, watu wa Kampala, watu wa mbali, jina lake litatajwa.

Haboba alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Udongo nyeusi iko wapi, Kiden?"

"Kwenye kinamasi, Haboba."

"Nani anabeba?"

Kiden akaokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Wewe unapenda ukuta. Goti yangu, unapenda?"

Bosco alijifanya anatafuta koleo. Koleo alikuwa amelishika.

Kiden akasema angebeba yeye. Haboba akamwambia alisema hivyo mwaka juzi pia, na mwaka jana. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliuma.

Alhamisi, 13 Februari. Koboko

Kiden kaomba siku mbili. Nimempa, nikamdanganya Sajini kwamba mchanga umechelewa. Leo kutwa anapiga picha na kubandika karatasi ukutani, anazisugua kwa mkaa ili alama zitoke. Hazitoki sawa.

Alipopumzika kaniuliza, kwenu wanawake wanachora nini ukutani?

Nikafungua mdomo. Mke wangu hupaka nyumba kila mwaka, mwezi wa saba, mvua zikishaisha. Udongo mweupe wa mtoni na majivu. Nakumbuka ndoo. Nakumbuka kanga aliyoifunga kiunoni, na mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Alichokuwa anachora sikumbuki. Nilikuwa napita tu. Naingia ndani kula.

Nikamwambia wanachora vitu vya kawaida.

Jumamosi, 15 Februari. Koboko

Nimeukata.

Saruji haishiki ukuta laini. Lazima uukate kwanza kwa shoka, makovu makovu, ipate pa kung'ang'ania. Mimi ni wa mkono wa kushoto, makovu yangu yanalalia upande usio wa watu wengine. Bosco hucheka kila kazi, anasema ukuta wangu ni kama umeandikwa na Mwarabu. Leo hakucheka.

Sikujua kitu kimoja. Chini ya nyekundu kulikuwa na nyekundu nyingine, chini yake nyeusi, chini yake tena nyeupe. Vipande vidogo vya pembetatu vilitoka na kuanguka. Kila kiangazi cha mama yule kimelala juu ya kingine, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Alikuwa akiufuta mwenyewe kila mwaka na kuanza upya. Mimi nimevifuta vyote kwa siku moja.

Kiden alikaa chini akiokota vipande anaweka kwenye mfuko wa saruji. Hakunitazama. Haboba aliingia ndani, akafunga mlango, ingawa joto lilikuwa kali.

Nilijisikia kama mtu anayemnyoa mgonjwa nywele kwa nguvu. Kazi ni kazi. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi leo.

Jumatano, 19 Februari. Koboko

Lipu imekwisha. Nzuri, siwezi kusema uongo. Kijivu, imenyooka, kona kali. Kiden karudi Arua tangu Jumapili bila kuaga.

Haboba kaipapasa kwa kiganja kutoka mlangoni hadi kwenye kona. "Iko laini kama sahani." Akacheka. Ana meno machache. Majirani wakaja kutazama, wakasema sasa Haboba ni mzungu. Sajini kapiga simu, kashukuru sana.

Sasa ni kumwagilia. Asubuhi na jioni, saruji isikauke upesi ikapasuka. Bosco karudi Arua kutafuta kibarua. Nimebaki mimi na kopo.

Jumapili, 23 Februari. Koboko

Wanawake wa hapa ndio wanapaka nyumba zao wiki hii, kila mmoja anataka kuanza mfungo na ukuta mpya. Wanapita na mabeseni ya udongo mweusi kutoka kinamasini. Zamani walikuwa wanaongozwa na Haboba, nimesikia. Ndiye aliyejua wapi pa kuchimba. Leo mmoja kamwita kutoka njiani, "Haboba, yetu inakula udongo. Simenti inakula nini?" wakacheka wote, naye akacheka. Wakapita. Akabaki barazani na mikono mapajani, viganja vikitazama juu, kama vyombo vilivyooshwa vikawekwa vikauke.

Aliitaka saruji. Hakuna aliyemlazimisha. Najikumbusha hilo.

Jioni nilimaliza kumwagilia upande wa mbele, nikaenda kisimani. Niliporudi nikasimama nyuma ya mgomba. Haboba alikuwa ukutani. Kachovya vidole kwenye kopo langu, anachora juu ya saruji. Maji tu. Pembetatu, pembetatu, kisha mistari ya vidole. Mstari unatoka mweusi kwa unyevu, na akifika mwisho, mwanzo umeshakauka. Anarudi mwanzo.

Sikusogea hadi alipoingia ndani. Nilikuwa na ndoo kichwani na shingo imekufa ganzi.

Jumatano, 26 Februari. Koboko

Jioni zote ni hivyohivyo. Anangoja nimalize, anangoja niondoke. Najitia nina shughuli kisimani.

Leo nimefunga vitu vyangu. Aliniomba nimwachie kopo. Nikamwambia ukuta umekomaa, hauhitaji maji tena. Akasema, "Mimi najua."

Nimeliacha.

Ijumaa, 28 Februari. Arua

Nimekwenda Mvara na Bosco. Tulivaa mashati safi na bado tulinuka saruji.

Ukumbi umejaa. Wachoraji wapya, kila mmoja mbele ya chake. Jamaa wa Ajia anachora kwa masizi. Anayakwangua kwenye banda la baba yake la kukaushia tumbaku, anapaka kwenye mbao kwa kidole. Nyuso za wazee, zinatoka kwenye moshi. Akasema baba yake alikohoa hadi akafa na hayo masizi ndiyo aliyomwachia. Mama mmoja wa Sudan Kusini kadarizi ndege kwenye shuka. Akasema ni ndege wa kwao, anawashona asije akawasahau majina. Nikamwonea wivu. Yeye anajua anachoogopa kukisahau.

Kisha Kiden. Karatasi za saruji zimeshonwa zikawa kubwa kama ukuta wa chumba. Nyeusi chini, nyekundu, nyeupe. Na juu yake yote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, makovu. Kakata karatasi kwa kisu, na ndani ya kila kovu kabandika vipande vile alivyookota. Makovu yote yanalalia upande usio wa watu.

Bosco kanishika mkono. "Ndugu, ile iko mkono yako."

Aliongea Kiingereza, sikushika mengi. Kisha akageukia Kiswahili, nadhani kwa sababu alituona. "Hii nyeusi iko ya Haboba. Hii nyekundu iko ya Haboba. Hii kukata-kukata, iko ya fundi. Ukuta haiko tena. Kesho msiende Koboko, hakuna kitu ya kuona."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje. Aibu, na hasira pia, maana nilifanya nilichoambiwa nifanye. Nimefanya kazi katika miji mingapi na hakuna aliyewahi kuitundika. Ya kwanza kutundikwa ni ile niliyoharibu.

Kiden alinifuata hadi getini. Nikadhani anataka kunitukana tena. Akauliza kama Haboba alisema lolote juu yake. Nikasema hapana, kwa sababu ni kweli. Kisha nikamwambia juu ya maji. Kopo, vidole, pembetatu zinazokauka kabla hazijamalizika.

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Anangoja watu waondoke."

Alikaa juu ya jiwe pale getini na viatu vyake vipya. Alilia vibaya, kwa sauti, watu wakitazama. Nikamwambia akienda kwa Haboba asichukue simu ya kupigia picha. Wageni ndani walikuwa wanamwita. Hakurudi kuwaambia kitu.

Jumapili, 2 Machi. Awindiri

Hakuna kazi. Nimefua.

Kiden kapiga simu kutoka Koboko. Wageni hawakwenda. Yuko peke yake na Haboba. Lipu imeshaanza kupasuka kwenye kona ya jikoni, ufa mwembamba. Nilijua. Anasema Haboba ameuona, akaupitia kwa kidole, akaufanya unyayo wa kuku.

"Na jioni?"

"Anachora. Mimi nakaa tu. Naangalia."

Baadaye nimempigia mke wangu. Tukasalimiana, watoto, mahindi, mguu wa mama yake. Kisha nikamwuliza huwa anachora nini ukutani. Akaniuliza kama nimelewa. Nikasema sijalewa, nataka tu kujua.

Nikadhani mtandao umekatika.

Akasema hajapaka tangu niondoke. Nilimwambia nakwenda kutafuta pesa za saruji ya nyumba yetu. Ya nini kupaka ukuta unaongoja saruji?

Udongo umeanguka upande wa mvua, anasema, fito zinaonekana. Kaziba kwa gunia.

Nimemwambia asingoje tena. Mwezi wa saba mvua ikiwa imekwisha nitakuwa nyumbani, bila saruji, nitabeba udongo mweupe kutoka mtoni na ndoo ya maji, yeye apake.

Akasema sawa. Ni sauti ileile aliyosemea sawa nilipomwambia miezi sita.

Mwezi wa saba.