Nilitafuna Mbele ya Soko Zima

Alhamisi jioni, Kangeta. Mawingu yamefunga tangu asubuhi lakini mvua imekataa kunyesha. Naogopa, na sitajifanya siogopi.

Ninasomea ubingwa wa tiba ya dharura. Nimezoea mgonjwa mmoja, kitanda kimoja, na nikikosea naona papo hapo. Mwezi huu nimetolewa hospitalini Embu nikaletwa huku kujifunza afya ya jamii: kutafuta kipindupindu kinaanzia wapi kabla hakijatufikia kwenye machela. Nafasi hii niliiomba mwenyewe. Mama alinisindikiza kutoka mtaani kwetu Majimbo kwa fahari, ungedhani naenda ng'ambo.

Mimi na wenzangu wa afya ya jamii tunashuku maji ya mtaro. Wachuuzi huyanyunyizia miraa isinyauke, kisha huifunga kwa majani ya mgomba, na mlaji huitia mdomoni bila kuiosha.

Leo nilisimama sokoni nikawaeleza hayo yote. Walinisikiliza vizuri mpaka nikaanza kujiona. Ndipo Mzee Kaberia, mkubwa wa wachuuzi, akachomoa vijiti kwenye furushi lake na kunikabidhi.

"Daktari, umeongea vizuri sana. Saa hii wewe ni mtu yetu. Tafuna kidogo, usikatae."

Huku miraa ya heshima hairudishwi. Macho yote yalikuwa kwangu, na vijiti vilikuwa vikidondosha maji.

Nikatafuna.

Wakapiga makofi. Nami nikatabasamu kama mjinga hadi nilipofika nyuma ya gari letu na kutema. Lakini maji yake nilikuwa nimeshayameza.

Sasa nimekaa chumbani nikisikiliza tumbo langu. Kila likinguruma, moyo unanipaa. Nimechanganya maji ya chumvi na sukari nikayaweka karibu na kitanda, na nimemwomba mwenzangu wa chumba cha pili asizime simu.

Lakini si hilo linalonitetemesha zaidi. Nikiugua, nitatibiwa. Nisipougua, Mzee Kaberia atasema daktari mwenyewe alitafuna na hakuna kilichompata, na maji ya mtaro yataendelea kuchotwa.

Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kufunga mizigo, nitarudi niwaambie kwamba niliogopa kuwaudhi kuliko nilivyoogopa kipindupindu. Watanicheka. Pengine watanifukuza.

Ee Mungu, nikisimama pale nikiwa mzima wa afya, nani ataniamini?