Usiku Mbili za Kuimba Lusaka

Nchelenge, tarehe 14 mwezi wa nane

Kwa yaya wangu Sébastien, kaka yangu mukubwa, kule Kilwa ya Kongo, ngambo ya ziwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana wetu. Ni miye mudogo wako. Habari ya bibi yako na watoto? Natumaini mguu wako umepona na unavuka tena kununua samaki kwenye kisiwa cha Chisenga. Hapa mama anakula vizuri, na magoti yanamuruhusu kufika kanisani. Miye sina afya, ndiyo sababu nakuandikia. Kwa simu sauti yangu haisikiki tena. Barua hii anakuletea Chibwe, yule wa mutumbwi wa injini.

Unakumbuka mwezi wa kwanza nilienda Lusaka juu ya ugonjwa wa koo. Niliporudi niliwaambia wote kwamba wanganga wa hospitali hawakuona kitu. Sasa nataka nikuelezee safari ile.

Nilifikia kwa Arlène, mutoto wa mama mudogo, yule anayeuzisha vitenge. Siku ya kwanza ya juma munganga, mwanamuke mupole, aliniingiza kamera ndogo kooni. Siku ya pili akaniita. Alisema Kiingereza, muuguzi akanigeuzia kwa Kibemba: kuna uvimbe mubaya, lakini ungali mudogo. Wakikata sehemu yote inayotoa sauti, nitapona. Nitapumulia tundu la shingoni. Kusema basi, kuimba basi. Akanipa siku ya ine asubuhi, nije kukatwa.

Arlène hakujua namna ya kunifariji, akaniambia nivae nguo nzuri. Magaribi ile alinipeleka kwenye bar ya karaoke. Labda huijui, yaya: wanapiga muziki bila muimbaji, maneno yanapita kwenye televizio kubwa, na mutu yeyote anashika mikro. Kulikuwa wafanyakazi wa benki wangali na kravati, na mama moja munene aliyevua viatu. Waliimba vibaya sana, na wote walipigiwa makofi. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha Morgan, mwenye mashini, akaniuliza nataka wimbo gani. Nikamutajia rumba ile papa alikuwa anaweka kila Siku ya Mungu tukiwa tunakaanga samaki. Akaipata. Sikutazama televizio hata kidogo. Watu walisimama. Hata wale wasiojua Kilingala waliitikia. Morgan akaniuliza, “Mama, unatoka wapi?” Nikasema Nchelenge. Akasema, “Basi kesho usikose.”

Kesho yake nilirudi, nikaimba nyimbo tano. Miaka kumi na nane niliongoza koro ya kanisa, na kule sauti ni ya Mungu, mutu hajivunii. Lusaka nilijivunia. Tangu papa afe sikuwa nimefurahi vile.

Yaya, siku ya ine sikuenda. Nilimuambia Arlène kwamba munganga ameahirisha, nikaingia basi ya Nchelenge. Simu ya lupitalo ililia mara tatu njiani, sikuitika. Nilijiambia niimbe miezi michache tu, kisha nitarudi. Mwezi wa ine sauti ikaanza kukatika. Mwezi uliopita nilirudi Lusaka, nikidanganya kwamba naenda kumuona Arlène. Munganga yule yule alinipima. Alisema ingekuwa mwezi wa kwanza angenikata nipone. Sasa uvimbe umeshuka mpaka kifuani. Hakunigombeza. Alinipa dawa ya maumivu.

Lililo zito zaidi ni mama. Mwezi wa pili alisimama kanisani, akashuhudia kwamba Mungu ameniponyesha. Watu walilia. Mpaka leo anashukuru kila asubuhi mbele ya chai yangu, na akisikia nakohoa anasema ni vumbi la samaki kavu. Mara mbili nimejaribu kumuambia. Anainua mukono na kuanza kuomba.

Ukiniuliza kama najuta, nitasema ndiyo, kila nikimeza chakula. Ukiniuliza kama leo ningeenda siku ile, sijui, yaya.

Nakuomba uvuke juma hili, umuambie mama wewe, miye nikiwa nimekaa karibu. Dawa usitafute. Na usingoje mwezi ujao, juu sijui kama nitakuwa naweza kukaa.

Nisalimie bibi yako, uwakumbatie watoto, na wote wa Kilwa wanaoniulizia. Mungu akulinde majini.

Mudogo wako,
Agnès