Picha Iliyotufungia Msitu

Brazili, 11 Novemba 2025

Mama yangu Teresa,

Mulembe sana! Goti linaendeleaje? Mimi nadunda. Mwanao amekaa meza moja na mawaziri kwenye huu mkutano wa hali ya hewa. Sawa, ni meza ya chai, lakini waziri mzima aliniomba nimpitishie sukari! Nimevaa kile kilemba cha ngozi ya mbega mlichoniazima, kamera zinaniandama kama bibi harusi. Shirika lililonilipia ndege limenipiga picha nikishikana mkono na mkubwa wao. Dunia itajua msitu wa Kakamega una wenyewe.

Mwanao, Oliver

Kakamega, 14 Novemba

Oliver mwanangu,

Mulembe. Barua yako imefika kwa simu. Tuko wazima, ila goti linauma na dawa yake iko msituni. Leo chifu aliita baraza. Picha yako imebandikwa ukutani, kubwa kama mlango, meno yote nje. Hilo shirika litazungushia msitu ua, liuze hewa yake ng'ambo, eti inaitwa kaboni. Hakuna kuni, hakuna kuchimba mizizi ya mukombero ya kutafuna, hakuna kwenda chemchemi. Shangazi yako Phoebe akauliza, "Nani alikubali?" Chifu akaonyesha picha: "Si huyu mjumbe wenu?" Watu wote wakanigeukia mimi. Ulikubali nini?

Mama yako

Brazili, 15 Novemba

Mama,

Pole na goti, na pole na yale macho ya watu. Nilikubali kusalimiwa tu! Mtu amenyoosha mkono, niuache ukining'inia? Ua haukutajwa. Nimemwendea yule mkubwa, akacheka: "Bwana Andati, wewe ndiwe sura ya mradi." Jumatatu nina dakika mbili za kuongea, na hotuba wameniandikia wao, ya kushukuru. Nikisema kingine wananitoa hotelini. Mama, leo utani umenikauka. Nifanyeje?

Mwanao

Kakamega, 16 Novemba

Mwanangu,

Mulembe. Huku tunapumua tu. Wewe hata kanisani ulikuwa hunyamazangi, leo ndio unauliza mdomo ni wa nini? Sema hatukuulizwa.

Mama

Brazili, 17 Novemba

Mama,

Uko salama? Nimesema! Kwa Kiswahili, mkalimani akatoka jasho: "Mkono ule ni wangu, msitu si wangu peke yangu. Nendeni mkawaulize wenyewe." Watu wa msitu wa Amazoni walikuwa nyuma, wakapiga sakafu kwa miguu mpaka glasi zikalia. Sasa niko nje na sanduku langu. Mama mmoja wao amenipa pa kulala, na samaki mkubwa kuliko ndama wetu. Je, hotuba imefika huko?

Oliver wako

Kakamega, 19 Novemba

Oliver,

Natumaini umekula. Ilifika, Phoebe alituonyesha kwenye simu. Chifu anasema yeye hajaiona. Asubuhi lori limeleta nguzo za ua. Sisi wanawake tumekaa chini kwenye njia ya chemchemi, na dereva amezima injini, anapiga simu kuuliza afanye nini. Ukifika usipitie nyumbani, hutapata mtu.

Mama yako