Bakapu Ambayo Hakuna Aliyewahi Kuifungua

Mshauri Gladwell, hili sijamwambia mtu hata mmoja, hata dada yangu Purity ambaye tunalala kitanda kimoja: Jumapili iliyopita nilisema tumbo linaniuma, wote wakaenda kanisani wakaniacha, nami nikaingia dukani kwa Mama nikafungua kompyuta kwa nenosiri la binamu yangu Elphas, nililomwona akiliandika, na nilichokuta humo kimenifanya nimkasirikie kila mtu katika nyumba hii, na nakuandikia wewe kwa sababu mimi siwezi kuongea mbele ya watu, nikianza tu sauti inaisha.

Mama ana agroveti hapa Makutano, na mbali na dawa na chakula cha mifugo ana mtu wa kupandisha ng'ombe mbegu, kuanzia huku juu mpaka kule chini Mitunguu. Rekodi za kila ng'ombe, alipandishwa lini, kwa mbegu ya fahali gani, ndama wake ni nani, zote ziko ndani ya kile Elphas anakiita mashine pepe, yaani kompyuta nzima iliyotengenezwa ndani ya kompyuta nyingine, unaifungua kama dirisha tu. Rekodi hizo zikipotea, mtamba anaweza kupandishwa mbegu ya baba yake mwenyewe na mtu asijue mpaka ndama azaliwe mgonjwa, na mfugaji wa watu ameshangoja miezi tisa.

Sasa Mama amenunua kompyuta mpya, na kwa kuwa mwaka umekuwa mzuri alisimama kanisani akaahidi kwamba ile ya zamani ataitoa sadaka kwa ofisi ya kanisa, Jumapili ya shukrani mwisho wa mwezi huu, watu wakapiga makofi, pasta akaiombea hata kabla hajaiona. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo Elphas ataifuta yote iwe safi, halafu atarudisha rekodi kwenye ile mpya kutoka kwa bakapu. Hiyo bakapu ni diski ndogo, kila Ijumaa Elphas ananakili, na Mama anaiweka kwenye kabati la kioo pamoja na vikombe vya wageni, ameifunika na kitambaa alichofuma mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kuigusa.

Mimi niliigusa Jumapili hiyo, nikaenda nayo dukani. Nilijaribu kufungua nakala kwenye kompyuta mpya, ikakataa, nikajaribu ya wiki iliyotangulia, ikakataa, nikajaribu ya mwezi mwingine, skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Sijui ni kwa nini. Ninachojua ni kwamba rekodi nzima iko mahali pamoja tu, kwenye kompyuta inayongoja kufutwa.

Usifikiri sikujaribu kusema. Tukila nilimuuliza, "Elphas, ile bakapu ushawahi kuifungua?" Akacheka na chakula mdomoni. "Bakapu haifunguliwi, dada. Ni kama jeneza, ukiliona limefunguliwa jua kuna shida." Wote wakacheka, mpaka baba yake, mjomba Kobia, ambaye hata simu yake anawashiwa. Mama akasema, "Mwache mwenzako, yeye ndiye amesomea hayo. Wewe pitisha hiyo sukuma wiki." Nikapitisha. Mshauri, ni kwa nini mtu akiwa kimya watu hudhani hata kichwani mwake hakuna kitu? Na Mama huyu huyu hapokei chanjo bila kusoma tarehe, mwenye gari aliyezileta akimharakisha anamwambia keti ungoje, lakini diski anaiamini kwa vile imefunikwa vizuri!

Nikisema ukweli watajua niliiba nenosiri na nikadanganya siku ya ibada, na Elphas alisomeshwa kwa harambee, ukimgusa umegusa ukoo mzima, na nisiposema basi Jumamosi hiyo atafuta na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo nikitazama kama, ngoja, kuna mtu kwenye ngazi, hivyo ni viatu vya Mama, naiweka hii chini ya

*

Binti wa Makutano,

Barua yako imekatikia hapo, naona uliituma bila kuimalizia, haina hata jina, na nimeipitisha mbele ya barua nyingine za safu hii kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali.

Tuanze na wewe. Ulidanganya, na ukatumia nenosiri la mtu. Utaomba msamaha, kwa maneno machache, bila kulia. Lakini usilifanye kosa hilo kuwa kizuizi. Wafugaji wanaotegemea duka lenu hawakuomba kulipia aibu yako.

Huyo Elphas ameniudhi. Nimemuuliza Wawira, fundi wa kompyuta hapa Embu, naye aliuliza jambo moja tu: "Huwa anaizima hiyo mashine pepe kabla ya kunakili?" Kama haizimi, anasema, ananakili kitu ambacho bado kinaandikwa, nusu ya kabla na nusu ya baadaye, na kitu kama hicho mara nyingi hakifunguki. Hilo linaweza kumpata fundi yeyote. Kisicho na udhuru ni kuulizwa swali la maana na kujibu kwa jeneza.

Mama yako naye ameahidi mbele ya kanisa, na najua ilivyo vigumu kurudi pale na kusema ngojeni. Hana haja. Atoe kompyuta, abaki na diski iliyo ndani yake, yenye rekodi. Fundi ataweka nyingine humo kwa nusu saa, kanisa lipate sadaka yake, na rekodi za watu zisitoke dukani.

Kisha kazi ifanywe kama kazi. Mashine pepe izimwe kwanza, au itumiwe programu iliyoundwa kwa kunakili mashine inayoendelea kufanya kazi. Ziwe diski mbili, moja ilale nyumba nyingine kabisa, kwa sababu moto na mwizi hawaheshimu kabati la kioo, na nakala ya tatu ikae mtandaoni, imefungwa kwa nenosiri ambalo mama yako pia analijua. Na kila mwezi nakala moja ifunguliwe. Mama yako amtaje ng'ombe mmoja anayemfahamu, atafutwe humo ndani. Akikosekana, hamna bakapu, mna diski.

Usingoje chakula cha jioni tena, pale wana hadhira. Nenda kwa mama yako asubuhi akifungua duka, mkiwa wawili, umwambie: "Mama, nilijaribu ile bakapu na haifunguki. Elphas aifungue mbele yako kabla hajafuta." Sauti ikiisha katikati, mwandikie kwenye simu ukiwa umesimama hapo hapo.

Wakikataa kukusikiliza, Jumamosi hiyo wahi dukani kabla ya Elphas. Huna haja ya kuhutubia mtu. Keti kwenye kiti cha ile kompyuta ya zamani, na usiinuke mpaka amwonyeshe mama yako ng'ombe mmoja kwenye ile mpya.